Muulize Mwalimu: "Anasoma bila kukwama, ukimuuliza hajui kasoma nini"

Wasomaji wangu habari za siku. Toleo lililopita niliomba mnitumie maswali kuhusu kusoma na kuandika kwa watoto wetu wa sekondari, na yamekuja mengi kweli, mengine yanafanana mpaka unaweza kudhani watu waliandikiana. Nimechagua matano. Mimi nafundisha Kiswahili na Kiingereza shule ya serikali, huu mwaka wa 19, kwa hiyo ninayoyasema hapa ni niliyoyaona darasani, na yaliyonishinda nayo nimeyaona hukohuko.

SWALI: Mwalimu habari ya kazi. Mwanangu yuko Form Two shule ya kata hapa Morogoro. Darasa la saba alifaulu vizuri tu. Saa hizi akishika kitabu cha Bailojia anasoma kwa sauti mpaka raha, wadogo zake wanakaa kimya kumsikiliza, ila nikimuuliza mwanangu hapo pamesemaje ananiambia mama hicho ni Kiingereza huwezi kuelewa. Mimi nimeishia la saba. Mtihani wa nusu mwaka kapata F nne. Mwezi wa 11 kuna mtihani wa taifa. Nimtafutie tuisheni?
Mama wa Form Two, Morogoro

JIBU: Dada yangu, kabla ya tuisheni naomba ufanye kitu kidogo leo leo jioni. Mwambie akae mlangoni asome maandishi ya kalenda iliyoko ukuta wa pili. Usicheke, nimeshakuta watoto wawili watatu wanaoitwa wazito kumbe ubaoni hawaoni kitu, wanakopi kwa jirani, jirani naye kakosea. Akishindwa mpeleke hospitali apimwe macho. Na kama hata kwa Kiswahili herufi zinamchanganya, anaruka mistari, anasoma neno nusu alafu anabahatisha mwisho wake, hilo nalo liseme kwa mwalimu wake, wapo watoto wa namna hiyo na sio wajinga, wanahitaji muda zaidi na njia nyingine.

Ila kwa ulivyoeleza mimi naona tatizo liko pengine. Mtoto wako kasoma miaka saba kwa Kiswahili, ndivyo shule za msingi za serikali zilivyo toka 1967, alafu anaingia Form One anakuta karibu masomo yote yamegeuka Kiingereza. Anapewa wiki chache za kozi ya kumuingiza kwenye lugha, zikiisha safari inaanza, aliyepanda kapanda. La sita aliandika usanisinuru, saa hizi anaandika photosynthesis, jani ni lile lile na jua ni lile lile, ila hakuna aliyekaa naye kumwambia kwamba hicho kitu wewe unakijua tayari. Akijitetea anafanya kile anachokiweza, anatamka. Na sisi walimu tukisikia anatamka vizuri tunamwambia kaa chini, vizuri sana, mwingine.

Nikupe mfano. Muhula uliopita nilimkalisha kijana wa Form Two kama huyo wako, pembeni, chini ya mwembe wa shule, tukafungua kitabu. Kulikuwa na sentensi ya namna hii: The roots absorb water from the soil. Kaisoma kama mtangazaji wa redio. Nikamwambia haya, niambie kwa Kiswahili. Akasema roots ni mizizi, water maji, soil udongo. Nikamuuliza na hiyo absorb? Kimya. Nikamwambia bahatisha tu, sikupigi. Akasema, "mizizi inamwaga maji kwenye udongo." Unaona, maneno matatu anayajua, moja halijui, na hilo moja limempindulia mmea mzima. Na angeendelea hivyo hivyo mpaka mwisho wa mada, anasoma kila sentensi kwa sauti nzuri na kila moja ina neno lake la kumpindulia.

Sikumpa jibu. Nikamuuliza nyumbani mna bustani? Wana mchicha. Mchicha ukisinyaa mchana mkaumwagilia jioni, asubuhi unakuwaje? Umesimama. Na maji mlimwaga wapi, kwenye majani au chini? Chini. Sasa yamefikaje juu? Akaangalia kitabu, akaniangalia, akasema taratibu, "kunyonya?" Akachukua penseli mwenyewe akaandika kunyonya juu ya lile neno. Hilo halisahau tena, nakuhakikishia.

Sasa wewe kuishia la saba hakukuzuii kitu, dada yangu, tena kunakufaa. Kila jioni, baada ya kula, aya moja tu. Sio ukurasa, aya. Aisome kimyakimya mara mbili. Afunge kitabu kabisa. Alafu akueleze kwa Kiswahili kama anavyokueleza mambo ya mtaani, na wewe uliza kama mtu anayetaka kujua kweli, kwa nini inakuwa hivyo, nipe mfano, hapo sijaelewa rudia. Pale atakapokwama ndipo palipo na shida, afungue kitabu, atafute neno lililomkwamisha kwenye kamusi, yasizidi matano kwa siku, ayaandike kwenye daftari dogo na sentensi yake mwenyewe, sio ya kwenye kamusi. Mwisho kabisa aandike sentensi mbili za Kiingereza kuhusu ile aya bila kuchungulia. Zitakuwa na makosa, ziache hivyo hivyo, mwalimu atarekebisha. Yote haya ni nusu saa. Kufunga kitabu ndio kazi yenyewe, maana macho yakiwa kwenye karatasi mtoto anadhani anajua, akifunga ndio anajua kama anajua. Na asikwambie tena mama huwezi kuelewa, mwambie akishindwa kunielewesha mimi basi hajaelewa yeye.

Tuisheni siikatazi. Ila kabla hujatoa hela nenda ukachungulie. Kama wanakaa saa mbili wanakopi notisi ubaoni, hizo notisi shuleni pia zipo, nunua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili kwa hela hiyo. Kama kuna mwalimu anayewauliza na wao wanajibu kwa mdomo wao na kuandika kwa maneno yao, mpeleke hata kesho. Najua asiyefaulu mtihani wa kidato cha pili anarudia, ndio maana una wasiwasi, ila mpaka mwezi wa 11 aya moja kila siku ni aya nyingi sana.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina miaka miwili kazini, nafundisha Kiswahili Form Three huku Tabora, mkondo wangu una wanafunzi 86. Nikitoa insha najuta, madaftari yanakaa wiki tatu mezani, wanafunzi wanaona mi mvivu. Nimeishia kutoa insha moja kwa muhula, na najua haitoshi. Wewe unafanyaje?
Mwalimu mdogo, Tabora

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole. Tupige hesabu kwanza ili uache kujilaumu. Insha 86 mara dakika tano ni dakika 430, yani saa saba na dakika kumi bila kunyanyua kichwa, na hapo hujafundisha kipindi, hujaandaa somo, hujala. Hakuna mtu anayeweza hiyo kila wiki. Tatizo ni tumeaminishwa kwamba mwanafunzi hawezi kuandika mpaka mwalimu asahihishe kila herufi, na kwa sababu hatuwezi kusahihisha basi hawaandiki. Wanakopi tu. Ukihesabu maneno anayoyaandika mwanafunzi wetu kwa siku ni mengi ajabu, ila ya kwake mwenyewe hayafiki hata sentensi tatu.

Mimi nilichofanya ni kutenganisha kuandika na kusahihisha. Kila kipindi changu kinaanza na dakika saba za kuandika, kitu kidogo tu, nani kakuamsha leo, bei ya kitu kimoja nyumbani kwenu, ugomvi uliousikia dirishani. Wote wanaandika, hata mimi. Kipindi kikiisha nakusanya madaftari 12, safu moja moja, kesho safu nyingine. Kwa hesabu hiyo kila mwanafunzi nakutana na maandishi yake karibu mara moja kila vipindi saba au nane, na madaftari 12 unayamaliza ukiwa unasubiri chai.

Na kwenye hayo 12 siandiki makosa yote. Naangalia kosa la aina moja tu, na darasa zima linajua mwezi huu tunaangalia nini. Mwezi wa pili ulikuwa nukta na herufi kubwa. Mwezi wa tatu kutenganisha maneno, maana wanaandika kwasababu na kwahiyo kama neno moja wakati ni mawili mawili. Baadaye ndio tutaingia r na l, na hapo nakuomba uende kwa upole sana, mtoto anayeandika laha badala ya raha anaandika anavyosikia kwao, ukimcheka mbele ya wenzake hatakuandikia tena kitu cha maana mwaka mzima.

Alafu chini ya daftari naandika swali moja, kama msomaji. Kuna binti aliandika mistari sita kuhusu kumpokea shangazi yake stendi, na mwisho ikakatika. Zamani ningeandika 4/10, rekebisha tahajia. Safari hii niliandika, "Shangazi alibeba nini?" Tu. Kesho yake alinirudishia ukurasa mzima, shangazi kabeba kuku wawili kwenye kikapu na mmoja kafia njiani, na namna walivyobishana kama wamchinje au wamtupe. Makosa yalikuwepo, ila sasa kulikuwa na kitu cha kurekebisha.

Jambo la mwisho, andika mbele yao. Chukua chaki, waambie wakupe mada, anza kuandika ubaoni kitu ambacho hukukiandaa, futa, badilisha, sema kwa sauti kwa nini unafuta. Mara ya kwanza nilifanya hivyo darasa lilinyamaza mpaka nikaogopa, kumbe wengi hawajawahi kumuona mtu mzima akiandika kitu kisichotoka kwenye notisi. Walidhani insha inatoka kichwani imekamilika.

SWALI (nimeiacha kama alivyoiandika, kwa ruhusa yake): Mwl xhkamoo, me nko form 3 Tanga, cjui nna tatzo gan kila nkiandika insha mwl ananipa alama ndogo anaandika LUGHA YA SIMU af me naona nmeandka xawa tu. Nixaidie plz
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nikwambie, nimekuelewa kila neno, na mi mwenyewe nikiandikiana na wenzangu nakata maneno. Lugha hiyo sio dhambi. Simu unamuandikia mtu anayekujua, asipoelewa anakuuliza "unasemaje?" na unamjibu hapo hapo. Anayesahihisha mtihani hakujui, hakuoni, hawezi kukuuliza, ana karatasi yako na zingine mia. Kila herufi uliyoikata unamuachia yeye aijaze na yeye hatakujazia.

Fanya hivi. Kila siku chukua meseji moja uliyotuma kweli, iandike upya kwenye daftari kana kwamba inaenda kwa mkuu wa shule. Tuanze na hii yako: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Tanga. Kila ninapoandika insha ninapata alama ndogo, na mwalimu wangu ananiambia ninatumia lugha ya simu. Ninaposoma mwenyewe silioni kosa. Naomba unisaidie." Linganisha polepole. Herufi zimerudi, ndio, ila angalia kingine, sentensi zimekuwa tano badala ya mkokoteni mmoja, na kila moja ina kazi yake. Hilo ndilo mwalimu wako anakulilia, sio x peke yake.

Na unaposema unaona sawa tu, ni kwa sababu unasoma kwa haraka na kichwa chako kinajaza. Ukimaliza insha anza kusoma sentensi ya mwisho, alafu ya juu yake, mpaka ufike ya kwanza, kidole chini ya kila neno. Ukisoma kinyume hivyo hadithi haikubebi tena, unabaki na maneno yenyewe na makosa utayaona. Kwenye mtihani jiwekee dakika kumi za kazi hiyo hata kama hujaandika yote uliyotaka.

SWALI: Hujambo mwalimu? Kifungua mimba wangu yuko Form Four hapa Malindi, anajitayarisha kwa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya. Ana daftari zima la misemo na mianzo ya insha amezihifadhi kwa moyo, majogoo yanawika, jua linachomoza, ndege wanatumbuiza. Mwalimu wake amsifu. Mimi nikisoma sioni kitu ndani. Je, ni mimi nisiyejua insha za siku hizi?
Baba, Malindi

JIBU: Sijambo ndugu yangu, na hukosei. Misemo ni mali, na nyinyi watu wa pwani mmeirithi, sitaki kijana aitupe. Shida ni kwamba insha inaanza kabla hajasoma swali. Kwenye ile karatasi ya kwanza ya Kiswahili anaandika insha mbili, kila moja alama 20, na akimwaga majogoo na ndege nusu ukurasa kwenye barua kwa mhariri au insha ya methali, mtahini anasoma kitu alichokisoma kwenye karatasi hamsini zilizotangulia.

Nilikuwa na mwanafunzi wa namna hiyo huku kwetu. Mada ilikuwa siku sitakayoisahau. Aya nzima ya kwanza ndege wanaimba. Nikamuuliza, ilitokea nini hasa? Akasema alipoteza hela ya mtaji wa maandazi ya mama yake, shilingi 15,000, akitumwa unga. Nikamuuliza hela ulibeba wapi. Akasema mama alimfungia kwenye pindo la kanga, fundo mbili, akamwambia usifungue mpaka dukani, na alipofika dukani fundo lilikuwepo moja. Nikamwambia anzia hapo. "Nilipofika dukani fundo lilikuwa moja." Alifuta ndege wote. Darasa lilipomsikiliza hakuna aliyenong'ona.

Kaa na kijana wako, mchague insha yake moja ya zamani, mwambie apige mstari aya ya kwanza yote na aanze pale jambo linapotokea. Msemo autumie pale unapobeba kitu. Mama akikataa kumpiga mtoto kwa hela iliyopotea akasema yaliyopita si ndwele, hapo msemo una mtu anayeusema na sababu ya kuusema. Mwalimu wake usimvunjie heshima, mwambie kijana tu kwamba kwenye mazoezi ya nyumbani baba anataka kujua kilichotokea.

SWALI: Mwalimu, mimi ni bibi nakaa Mwanza. Mjukuu wangu Form One, likizo nzima yuko kwenye simu ya mama yake anasoma simulizi, sehemu ya 1 mpaka ya 60, mapenzi na majini. Vitabu vya shule hagusi. Nimnyang'anye?
Bibi, Mwanza

JIBU: Shikamoo bibi. Usimnyang'anye. Mtoto anayemaliza sehemu 60 bila kulazimishwa ameshajua kitu ambacho wengi wa darasa langu hawajui, kwamba maandishi yanaweza kukufanya utake kujua kinachofuata. Pitia wewe au mama yake uone kama hakuna mambo ya watu wazima, yakiwepo hizo zitoe, zingine muachie.

Kabla hajafungua sehemu inayofuata mwambie aandike mistari mitano anavyodhani itaendelea, ndio afungue alinganishe. Siku moja ya likizo mpeleke maktaba ya mkoa hapo mjini ajionee rafu zilizojaa hadithi ambazo hazikatiki njiani zikamwambia itaendelea. Na vitabu vya kiada Taasisi ya Elimu imeviweka kwenye maktaba mtandao yake, vinafunguka kwenye hiyo hiyo simu, kwa hiyo asiseme hana kitabu.

Na kingine bibi, wewe una hadithi ambazo hazipo kwenye simu ya mtu yeyote. Jioni msimulie moja, taratibu, yeye aandike. Kesho yake akusomee alichoandika, na ukisikia pahali pamepotea mwambie mjukuu wangu hapo sikusema hivyo, achukue kalamu aparekebishe akiwa amekaa hapo hapo kwako.